Tundu la Sita

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa bunduki, na maisha yake yote hakumpiga risasi hata kuku. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kampuni ya ulinzi, chumba chenye dirisha moja la nondo na meza iliyolowa mafuta. Bastola za walinzi zililetwa pale zikiwa zimeshika kutu au zimelegea, naye anazifungua, anazisafisha, anazirudisha kwenye kabati la chuma. Kisha ananawa kwa sabuni ya unga, anarudi nyumbani, na bado ananuka mafuta. Miaka thelathini na moja nililala na harufu ile. Huu ni mwaka wa tatu silali nayo na sijazoea.

Alikuwa na daftari la jalada gumu. Humo aliandika habari za watu waliobuni bunduki, alizookota kwenye majarida ya zamani na kwenye kitabu kikubwa ambacho bosi wa kwanza alikitupa. Majina yao yalinishinda kutamka, kwa hiyo mimi niliwajua kwa kazi zao: daktari, mchungaji, mwanasheria, askari. Tukiwa tunakula aliweka kijiko chini akasema, haya, swali. Tulikuwa watatu tu mezani, yeye, mimi na mwanetu wa pekee, na aliyejibu kwanza ndiye aliyeongezewa mchuzi.

Nani alibuni bunduki ya mitutu mingi ya kuzungusha kwa mkono? Mtu aliyesomea udaktari. Kwa nini? Aliona askari wanavyokwisha, wengi kwa maradhi, akawaza kwamba mtu mmoja akiweza kufanya kazi ya watu mia, majeshi yatakuwa madogo na wengine watabaki makwao. Hapo mume wangu anamgeukia mtoto, anamwuliza, je, walibaki? Mtoto anatikisa kichwa, mdomo umejaa.

Nani aliifanya baruti iwashwe kwa kugongwa badala ya cheche? Mchungaji wa kanisa. Alipenda kuwinda ndege, na ule mwako wa nje ulikuwa unawashtua wanaruka kabla risasi haijawafikia. Hilo lilinikwaza sana. Nilisema mchungaji alikuwa na kazi ya kutosha siku ya Jumapili. Mume wangu akasema ndege anaowazungumzia yeye ni wa Jumatatu.

Mwanasheria ndiye aliyenifanya ninyanyuke mezani. Huyo alitaka bunduki yake iwe na risasi za aina mbili, za mviringo za kupigia Wakristo na za pembe nne za kupigia Waturuki, maana alidhani za pembe nne zinaumiza zaidi. Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa jikoni. Mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, akanifuata akanishika gauni. "Mama, rudi ule," akasema. "Mbona haikupata wanunuzi."

Na kulikuwa na yule aliyebuni bunduki ya kujipakia yenyewe mfululizo, milio yake ikamharibia masikio. Uzeeni alitengeneza kifaa cha kuvuta mvuke kwa watu wenye kifua kibovu, na baadhi ya wenzake wasomi wakamlaumu kwamba kwa kifaa kile anajishushia heshima. Kwa bunduki hawakumlaumu. Mume wangu alipenda kuisoma hiyo, akifika mwisho anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo halikupita wiki bila kuulizwa, nalo lilihusu bastola zile zile za kampuni. Zilikuwa za zamani sana, zile zenye pipa dogo linalozunguka, lina matundu sita. Bastola ya matundu sita inabeba risasi ngapi? Na mwanangu tangu hajajua kufunga kamba za viatu alijibu, tano.

Tano, kwa sababu katika bastola za namna ile nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachogonga risasi, inapumzika juu ya tundu moja. Kama tundu lile lina risasi, basi nyundo imelala juu ya kitako cha risasi kama mtu aliyelala na kiberiti mkononi. Ikianguka ikajigonga sakafuni, inalia, bila mtu kuigusa. Watu wa zamani walilijua hilo, wakaliacha tundu la sita wazi, na inasemekana wengine walikuwa wakikunja noti humo, pesa ya kuzikiwa. Baada yao mafundi wakabuni kipande cha chuma cha kuizuia nyundo, watu wakasahau. Bastola za kampuni zilikuwa hazina hicho kipande.

Mume wangu aliomba zinunuliwe mpya, akaomba tena, akachoka. Ndipo akaja na mtindo wake. Tundu la sita aliliwekea kikaratasi cheupe kilichoviringishwa, ili mlinzi akifungua bastola akione na ajue hapo hapajazwi. Vikaratasi nilivikata mimi. Kila Ijumaa, nikishamaliza sare za watu kwenye cherehani, nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikakata upande wake mweupe vipande vyembamba kama utepe, na kwenye kila kimoja nikaandika neno moja: USIUE. Mume wangu alisema haina haja ya maandishi, karatasi tupu ingetosha. Nikamwambia wewe una fani yako na mimi nina yangu. Walinzi walivichukua wakicheka. Yeye walimwita Fundi Tano, na mimi wakaniita Mama Tano, na katika miaka yote hiyo hakuna bastola iliyoanguka ikalia.

Figo zilimchukua. Kampuni ikaleta msimamizi mpya wa silaha, kijana wa viatu vinavyong'aa, ambaye hakuwa fundi, alikuwa na funguo tu. Wengine waliacha vikaratasi mwezi ule ule. Mwanangu, ambaye alikuwa ameajiriwa ulinzi pale pale, hakuacha. Kila Ijumaa alipita kwangu kabla ya zamu, anachukua kikaratasi kipya, anakitia katika kimfuko kidogo cha ndani upande wa moyo, mfuko niliomshonea mwenyewe, na akifika kwenye silaha anakiweka mahali pake. Nilikuwa namtazama anavyotoka mlangoni. Nilisema moyoni, huyu kweli ni mtoto wa baba yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu. Walikuwa wawili katika chumba cha kuvalia nguo, mwanangu na rafiki yake waliyemwita Kicheko, kijana mnene mwenye utani mwingi, aliyekuwa akija kwangu kula bila kualikwa na kuondoka na chakula cha kesho. Kicheko alikuwa ameinama anafunga viatu. Mwanangu akavua mkanda akauweka juu ya benchi. Mkanda ukateleza, ukaanguka na bastola yake, nyundo ikagonga saruji. Kicheko hakunyanyuka tena.

Polisi walipoifungua bastola walikuta risasi tano nzima na ganda la ile iliyolia. Sita.

Mwanangu alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kwa uzembe. Kampuni ikasema haijawahi kuwa na kanuni ya risasi tano, kwamba bastola zake ni nzima, na kwamba mlinzi ndiye anayeijua silaha yake. Walinzi wenzake, waliochukua vikaratasi vyangu kwa miaka, kila mmoja alikuwa na watoto na kazi ya kulinda, wakawa hawajui kitu.

Wakili tuliyepewa na serikali alikuwa mtu mzuri mwenye mafaili mengi. Nilimwona mara tatu, zote kwenye korido, akiwa amesimama mguu mmoja mbele kama anayetaka kukimbia. Alinieleza kwamba kesi inasimama juu ya jambo moja. Ikithibitika kwamba bastola ile inaweza kulia kwa kuanguka tu, na kwamba mwanangu alipewa ikiwa imejaa bila kujua hatari yake, basi kosa ni la kampuni na mtoto atarudi nyumbani. Mtaalamu wa silaha hakupatikana. Nikamwambia mtaalamu amekufa, lakini daftari lake lipo, nami nililisikiliza miaka thelathini na moja. Akalipekua, akafika kwenye mchoro wa nyundo na matundu sita. Kisha akaniambia nije kutoa ushahidi, na nijibu ninachoulizwa, basi, nisiongeze. Alilirudia hilo. Nisiongeze.

Nilikwenda mahabusu kumweleza mwanangu. Pale mnazungumza kupitia waya, watu kumi upande huu na kumi upande ule, kila mmoja anapaza sauti, na askari magereza amesimama mgongoni. Nilimwambia nitasimama mahakamani. Akanitazama kama hakusikia, halafu akasema, "Mama, wewe usije." Nikasema nitakuja. Akasema, "Mama, nakuomba. Kaa nyumbani." Nilidhani ananionea huruma, kwamba hataki nisimame mbele ya watu wenye suti na elimu yangu ya darasa la saba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yake haogopi watu. Alifunga macho. Nimezoea kutazama watu, ndiyo kazi ya mshonaji, unamtazama mtu unajua begani pana ngapi. Siku ile sikuona kitu.

Shahidi haruhusiwi kuwamo ndani mpaka aitwe. Siku mbili nilikaa kwenye benchi la korido, daftari mapajani, nikisoma sala zangu. Mwisho wa benchi alikaa mama yake Kicheko. Hatukusalimiana. Mara moja tu kalamu yangu ilianguka ikabingirika hadi kwenye mguu wake, akaiokota, akaiweka katikati ya benchi, mbali na mkono wangu. Mwanangu alikuwa ndani anatoa maelezo yake, na kupitia mlango nilisikia sauti yake lakini si maneno.

Niliitwa siku ya pili saa nne. Niliapa nikiwa nimeshika kitabu kitakatifu, na sikuapa kama watu wanaoimba shairi la shule. Niliapa nikijua ninamwapia nani.

Wakili aliniuliza kuhusu nyundo na tundu la sita, nami nikaeleza. Nilieleza vizuri, naweza kusema hivyo. Nilieleza ule mfano wa aliyelala na kiberiti, na hakimu akashusha miwani akaandika. Niliombwa kuonyesha kwenye bastola yenyewe, iliyokuwa mezani ikiwa tupu, nikaionyesha nyundo kwa ncha ya kalamu, kwa kuwa sikutaka kuigusa. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mrefu wa sauti ya upole, aliposimama aliniuliza uhandisi nimesomea wapi.

"Mezani," nikasema. "Anayejibu alikuwa anaongezewa mchuzi."

Watu wakacheka, hata hakimu. Akaniuliza kwa kunijaribu, ni nani basi aliyegundua kuwasha baruti kwa kugonga, nikamjibu ni mchungaji, na sababu ni ndege. Akafungua karatasi zake, akazifunga. Nilimtupia jicho mwanangu kizimbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba nilifikiri shuka za kitanda chake zinahitaji kufuliwa, maana atarudi.

Mwendesha mashtaka alikuwa anakaa. Lile lingekuwa ndilo swali la mwisho. Na mimi nilikuwa nashuka, ndipo nikaona juu ya ile meza, pembeni ya mkanda na shati lililokunjwa, mfuko wa plastiki mdogo, na ndani yake kikaratasi cheupe kilichoviringishwa.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Hiyo ndiyo kweli yenyewe na sitaificha. Nilifikiri, kumbe alikuwa nacho. Wenzake wote walitupa, yeye alikuwa nacho mpaka siku ile. Nilitaka hakimu ajue huyu ni kijana wa namna gani, amelelewa na nani.

"Mheshimiwa," nikasema, "na hicho kikaratasi ni changu. Nilikiandika mimi."

Wakili akasema upesi, inatosha, mama, asante. Lakini yule bwana mrefu alikwishasimama tena. Alisema kielelezo kile kilikutwa mfukoni mwa mshtakiwa alipokamatwa, na hadi leo hakuna aliyejua ni cha nini. Akaniuliza kwa upole ule ule kimeandikwa nini. Nikamwambia bila kukifungua. Karani akakifungua, akasoma kwa sauti: usiue.

"Na kazi yake ni nini, mama?"

"Kinakaa kwenye tundu la sita, ili mtu asilitie risasi."

"Mwanao alijua hivyo?"

"Tangu ana miaka saba," nikasema, na nilisema kwa kujivuna. "Aliyemfundisha ni baba yake."

"Anakiweka nani humo tunduni?"

"Mwenyewe. Kila wiki."

"Na siku ile kilikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo, na hapo hapo nikaona. Kama unapokata kitambaa cha mteja na mkasi umeshapita, ndipo unakumbuka hukuacha sehemu ya kukunja. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imeshika ubao wa kizimba, na niliona utosi wake tu.

"Kilikuwa mfukoni," nikasema. Nilikuwa nimeapa.

Ndipo bwana yule akanisomea maelezo ya mwanangu ya siku iliyotangulia, nilipokuwa kwenye benchi. Kwamba hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote. Kwamba hajawahi kusikia habari ya risasi tano. Kwamba aliipokea bastola imejaa, akaifunga kiunoni bila kuifungua. Aliyasoma polepole, mstari kwa mstari, kisha akasema hana swali zaidi.

Hukumu ilichukua wiki tatu. Hakimu alisema bastola kweli ilikuwa mbovu, na kwa hilo ninashukuriwa, ushahidi wangu ulisaidia mahakama. Alisema mtu asiyejua hatari anaweza kuhurumiwa, lakini huyu aliijua kuliko yeyote katika jengo lile, akaondoa kinga kwa mkono wake mwenyewe, akaitia risasi, kisha akaidanganya mahakama. Miaka tisa. Msimamizi wa viatu vinavyong'aa alikuwa amekaa nyuma. Alitoka kabla hatujasimama.

Askari mmoja mtu mzima alinionea huruma, akatuacha dakika chache kwenye ngazi za chini kabla ya gari. Nilimwuliza jambo moja tu, kwa nini alikitoa.

Alinieleza akiangalia pingu. Jioni ya Jumatatu, kabla ya zamu ya usiku, walipokuwa kwenye mstari wa kuchukua silaha, msimamizi alikiona kikaratasi. Akakiinua juu mbele ya wote, akauliza, "Hili tundu la sita unamwekea nani? Marehemu baba yako?" Mstari mzima ukacheka.

"Kicheko ndiye aliyecheka kuliko wote, mama," akasema. "Unamjua anavyocheka. Hata mimi nilicheka. Nikaona aibu, nikakitia mfukoni, nikajaza. Nilisema ni kwa siku moja."

Nilitaka kumwambia neno, mama hakosi neno, lakini gari lilikuwa limewashwa.

Niliomba kikaratasi kile nirudishiwe. Karani akaniambia vielelezo vinakaa mahakamani mpaka muda wa rufaa upite, halafu vinateketezwa. Rufaa hatukukata. Wakili alisema tungepeleka nini.

Daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho alioandika mume wangu kabla mkono haujaanza kutetemeka ni habari ya yule askari, aliyebuni bunduki ambayo sasa imejaa dunia nzima. Alipokuwa mzee sana, alimwandikia barua mkuu wa kanisa lake, akauliza kama vifo vya wale wote viko juu yake. Mume wangu aliandika swali lile lote kwa wino mweusi. Alijibiwa nini hakuandika. Zamani nilidhani alisahau. Na mimi nimeuliza langu, katika sala za asubuhi na jioni, kama siku ile nilisema kwa sababu ni kweli au nilisema ili nisifiwe mtoto. Naendelea kuuliza.

Mama yake Kicheko nilimfuata nyumbani mara moja. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mwanangu nitamwona kila mwezi, na akafunga mlango bila kuubamiza.

Ni kweli, nakwenda kila mwezi. Tunazungumza kupitia waya. Amekonda, nywele zimeanza kuingia mvi juu ya masikio, na ana miaka thelathini na mbili. Mwezi uliopita askari akawa anaangalia saa, nikatafuta la kumchangamsha mwanangu, nikasema, haya, swali. Nani aliifanya baruti iwashwe kwa kugongwa?

Alinitazama. Niliona kwamba anajua.

"Sikumbuki, mama," akasema.

Nikamwambia ni mchungaji. Nikamwambia sababu ilikuwa ndege. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeelezwa jambo geni, na kengele ikalia.